Mchunga wa Uani kwa Nyevu

Nikipita Jomvu Kuu, sikosi kupumzika barazani kwa Jumaa, mshona nyavu. Mkewe, Barke, ni mpishi wallahi, wala sisemi hivyo kwa kuwa hunipa chai. Lakini ana donda moja moyoni: mchunga wa jirani yao, Nyevu.

Mchunga ni mboga ya mwitu, chungu, hujiotea wenyewe. Kwa Barke haukuota hata mche. Uani kwa Nyevu umejaa tele. Kila Nyevu akileta bakuli lake la maua mekundu, Jumaa hulamba vidole. "Barke, hebu kajifunze kwa mwenzio!"

Mimea ya mwitu ina sheria yake mtaani pale. Majani, piga hodi uchume, bure. Mzizi haung'olewi ila kwa idhini ya mwenye ua. Aliyeng'oa bila kuuliza hupika alichong'oa, akampelekea mwenyewe chungu kizima.

"Nimpigie hodi Nyevu kwa ajili ya majani?" Barke aliniambia. "Bora nile mchanga."

Basi Nyevu alipokwenda matangani Rabai, Barke akaingia na jembe. Akaung'oa wote, akaupanda nyuma ya jiko lake. Nyevu kurudi jioni, akafuata madonge ya udongo mpaka pale.

"Kumbe mchunga wangu umekuja kutembea!" akacheka. "Ungenambia, dada, ningekuchimbulia mwenyewe. Sasa sheria waijua. Kesho pika."

Barke akachemsha, akamwaga maji machungu, akatia tui zito, akapeleka. Nyevu akaonja, akaonja tena. Kisha, kwa uungwana wake, akapakua sehemu akairudisha kwa Barke, katika bakuli lake lile la maua mekundu.

Nilikuwa barazani Jumaa aliporudi kutoka msikitini. Aliliona bakuli, akakaa hata kofia hajavua.

"Leo Nyevu amejipita! Barke, umeonja? Hivi ndivyo mboga ipikwavyo!"

Barke akafungua kinywa. Akisema ni mkono wake, ataulizwa mchunga kautoa wapi. Akakifumba.

"Nimeonja," akasema.

Jumaa akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. "Mrudishie, umpe na salamu zangu."

Nilimwona Barke akisimama mlangoni kwa Nyevu, bakuli tupu mikononi, muda mrefu, kabla ya kupiga hodi.