Mkebe wa Biskuti za Chokoleti

Mama mshauri wa ruzuku za serikali pale Burnley, Uingereza, hamwambii mtu hamia ruzuku mpya wala baki na ya zamani. Humimina chai, humsogezea mgeni mkebe wa biskuti kavu, kisha huuliza taratibu: saa za kazi, kodi ya nyumba, nani anabaki na watoto. Za chokoleti zimo kwenye mkebe mwingine nyuma yake, na Noreen, mpishi wa shule, hajawahi kuambulia hata moja.

Leo kaja na mumewe, Clive.

"Ruzuku mpya itawapunja," mshauri alisema kwa sauti ya muuguzi. "Na ukishaiomba, ya zamani inakufa hapo hapo. Hairudi."

"Basi tunabaki," Noreen alishusha pumzi. "Umesikia, Clive?"

Clive aliikodolea macho chai yake. "Jana, kwenye simu... nilikuwa naangalia tu fomu ya hiyo mpya, mke wangu."

"Ukabonyeza wapi, we mwanamume?"

"Palipoandikwa Tuma."

Mshauri aliufunika mkebe wa biskuti kavu, akageuka, akaushusha ule mwingine.

"Chukua mbili, mwanangu," alimwambia Noreen. "Yeye usimpe."