Samaki Sita wa Jeruto

Kipkemei alikuja kwenye kibanda changu cha vioo mwezi wa Mei, amebeba ndoo ya rangi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Alikuwa dereva wa lori la viazi, mwanaume mkubwa mwenye shingo nene. Alitembea polepole hivi kwamba Nabalayo, anayeuza chai mlango wa pili, aliacha birika akamtazama.

"Mzee, umebeba mayai?"

"Samaki."

"Basi leta nikaange."

"Hawa ukiwakaanga wote hawajazi kijiko," akajibu, na hakucheka.

Niliinama nikaangalia. Walikuwa samaki wadogo, wale wanaoitwa gapi, kama kumi na wanne. Madume yalikuwa ya buluu, na mikia myeusi mipana iliyopepea kama sketi. Majike yalikuwa makubwa zaidi, ya kijivu, na matumbo yamejaa. Akaniambia ni wa mke wake, Jeruto, aliyeanguka jikoni mwezi wa pili na hakuamka tena.

Jeruto alikuwa akiuza mandazi huko Kihoto, Naivasha. Biashara ilipokufa, alilaza lile kabati lake la kioo la mandazi, akaziba pembe, akatia maji na samaki. Akafuga hivyo miaka kumi na moja. Mwezi wa nne maji ya ziwa yaliingia kwa nyumba yao mpaka kwenye godoro. Kipkemei alihama, na kabati likavunjika kwenye mkokoteni. Sasa alikuwa amepanga chumba kimoja hapa Nakuru, na samaki wanakaa kwa ndoo.

"Hawa si wale alioanza nao," akasema. "Samaki hawa hawaishi sana. Miaka miwili, wakizidi sana mitatu. Hawa ni wajukuu wa wajukuu. Wasipozaa, fundi, wameisha."

Ndiyo maana alitaka tanki. Alikuwa ameona moja kwenye hoteli, refu kwenda juu kama kabati la nguo, akafikiri ndilo zuri. Mimi kuongea na wateja ni kazi ngumu, lakini kuhusu kioo naweza. Nilimwambia tanki refu kwenda juu ni la kupendeza watu. Gapi wanakaa karibu na juu, wanakula juu, na hewa inaingia majini kupitia huko juu, kwa hivyo uso wa maji ndio wa maana. Tukakubaliana futi mbili na nusu kwa urefu, futi moja na robo kwa upana, na futi moja tu kwenda juu.

"Na watoto?" nikamuuliza. "Mama zao huwala."

"Najua. Jeruto alikuwa anasimamisha vitana."

"Vitana?"

"Vya nywele. Vile vya meno marefu. Watoto wanapita katikati ya meno, mama anabaki upande ule."

Nilicheka kidogo kwa sababu ilikuwa akili nzuri. Nikamkatia kioo cha kugawa tanki, nikaacha chini yake mwanya wa njiti mbili za kiberiti zikilazwa pamoja. Mtoto angepita, mama asingepita. Nilisugua kingo zote ili zisiwakate.

Kisha nikafanya kosa. Nilikuwa na silikoni, ile gundi ya kubandikia vioo, za aina mbili. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa ya kuzibia madirisha ya bafu, yenye dawa ya kuzuia ukungu, na bei yake ilikuwa juu. Nilimwonea huruma yule mzee. Nilifikiri, huyu tanki lake litakaa na maji miaka, acha nimpe ile nzuri isiyoota ukungu. Nikaacha likauke wiki nzima, nikampelekea mwenyewe kwa mkokoteni.

Siku hiyo majike mawili yalikuwa yamezaa kwenye ndoo asubuhi. Kipkemei alishika wakubwa wote mmoja mmoja kwa kikombe, akawahamishia kwenye tanki. Watoto aliogopa kuwamwaga, akasema wakae ndani ya ndoo kwanza wapate nguvu. Waliobaki bila kuliwa walikuwa sita, macho tu, huwezi kuona kitu kingine. Ilikuwa Jumamosi. Wakubwa waliogelea kutoka pembe hadi pembe. Alikaa kwenye kitanda akiwaangalia na akasahau kunipa chai aliyokuwa amepika.

Jumapili baada ya kanisa akanipigia simu.

"Fundi, wamelala."

Nilipofika walikuwa juu ya maji, ubavu, wote kumi na wanne. Alikuwa amevaa koti la kanisa na mikono ya koti imelowa mpaka kwenye kiwiko.

Sikujua ni nini. Jumatatu nilimuuliza mtu mmoja mjini anayeuza samaki wa mapambo, akaniuliza nilibandika na nini. Nikarudi kibandani nikachukua ile tyubu ya silikoni. Niliishia darasa la nane, lakini yale maandishi madogo yaliyo nyuma nikiyasoma polepole nayaelewa. Yalisema isitumike kwa tanki la samaki.

Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba tanki lina kasoro, nikalichukua, nikamtengenezea lingine dogo la wale watoto sita, kwa ile silikoni nyingine, bila pesa. Aliniita mtu mwema. Nilienda nyumbani siku hiyo nikakataa chakula.

Tangu hapo nilikuwa nikipita kwake karibu kila jioni kuwaona. Aliwalisha kiini cha yai kilichosagwa kwa vidole, kidogo kama vumbi. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, alifunika tanki na blanketi la lori. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Walikuwa sita, wote kijivu.

Kwa gapi, rangi ni ya dume. Jike hubaki kijivu. Wa kwanza alipopata rangi ya buluu tulifurahi, kwa sababu dume pia lazima liwepo. Wa pili alipopata tukasema sawa. Wa tatu na wa nne walipata rangi wiki moja, buluu ileile ya Jeruto, na mikia ikaanza kuwa myeusi. Walipendeza sana. Kipkemei aliwaangalia akasema polepole, "Haya." Wa tano naye akageuka.

Akabaki mmoja. Agosti ilianza akiwa bado kijivu, na tumbo lake tuliliona kama limeumuka. Kwa sababu ya huyo nilipata moyo wa kusema. Niliona kama bado kuna njia, basi naye anaweza kunisamehe.

"Mzee, wale wakubwa niliwaua mimi. Ile gundi ilikuwa na dawa."

Aliinama akaliangalia lile tanki.

"Jeruto hakuwa anahamisha wote siku moja," akasema. "Akibadilisha maji, akileta beseni mpya, alikuwa anatanguliza wawili. Anangoja siku tatu. Nilimwona miaka kumi na moja, fundi, nikitoka safari nakula, naona amekaa pale na wawili wake. Sikuwahi kumuuliza kwa nini."

Akainuka akanimiminia chai.

Wiki iliyofuata yule wa sita alipata mstari mweusi kwenye mkia.

Kipkemei alirudi Kihoto kutafuta majirani ambao Jeruto aliwagawia samaki. Wengi walikuwa wamehama kwa sababu ya maji. Mmoja aliyempata alisema samaki wake walikufa zamani. Nabalayo akamshauri.

"Nunulia hawa vijana mabibi huko mjini. Na wewe pia usikae hivyo."

"Watazaa watoto wazuri," akajibu. "Lakini Jeruto alikuwa anachagua. Huyu abaki, huyu aende kwa jirani. Sijui alikuwa anaangalia nini. Mimi nitaharibu tu."

Hakununua. Akienda Molo kubeba viazi huniachia tanki, naliweka mbele ya kibanda mahali penye jua la asubuhi. Wamebaki watatu sasa. Watu husimama kuwaangalia na kuuliza watoto watapatikana lini, na Nabalayo huwajibu kwa niaba yangu kwamba hawauzwi.

Mtu akija kuagiza tanki humwambia atangulize samaki wawili, angoje siku tatu. Wengine huniuliza nilijifunza wapi. Nawaambia kulikuwa na mama mmoja Kihoto aliyefanya hivyo.