Neno Lililotoka Kivukoni

Wakati wa kampeni, maneno "Na sisi tuko" yalionekana kila upande mjini Kasongo: kwenye kuta za maduka, kwenye kofia za motari wanaobeba abiria kwa pikipiki, kwenye vikwembe, yaani vitenge, walivyogawiwa wanawake. Ukiuliza yametoka wapi, kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema yaliletwa na mkubwa fulani kutoka Kinshasa, wengine kwamba ni ya wanafunzi. Sidonie hakutajwa na mtu, kwani mjini ni wachache waliomjua.

Sidonie ni mkulima wa karanga katika kijiji kimoja upande wa Wamaza, Kabambare. Kijijini wanamwita Mama Elsa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Si mtu wa makelele. Kanisani huimba kwa sauti ndogo mpaka kiongozi wa kwaya humwomba asogee mbele.

Mwaka ule mvua ilinyesha vibaya, mto ukafurika na kubeba daraja la magogo. Tangu hapo watu walivuka kwa mtumbwi wa Assumani, na mazoea yakaingia upesi: wenye mizigo na pikipiki wanapita kwanza, wa vijijini wanangoja. Elsa aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, kituo cha afya kilikuwa ng'ambo. Walimpandisha nyuma ya pikipiki, mama yake akamkumbatia kwa nyuma, wakafika kivukoni mchana jua likiwa kali. Mtumbwi ulikuwa umejaa wachuuzi, bidoni za mafuta ya mawese na vikapu vya samaki kutoka Nyangwe. Assumani alikuwa ameshausukuma majini.

Sidonie alitaka kumwita kwa jina. Jina halikuja. Kilichomtoka, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, kilikuwa: "Na sisi tuko!"

Hakutukana wala hakubembeleza. Lakini Assumani aligeuka, akamwona Elsa ameinama ameshika tumbo, akachomeka upondo wake kwenye matope na kurudi. Wachuuzi walishuka bila kuambiwa, wakashusha na vikapu vyao. Mmoja tu alibaki ndani: Aziza, muuza samaki wa Kasongo, mwanamke wa familia ya Waislamu wa mjini ambao tangu mababu zao kazi yao ni biashara. Alivua mtandio wake, akamfunga Elsa kiunoni, akavuka naye akiwa amemshikilia kichwa. Kabla ya jioni mtoto wa kike alizaliwa, mzima, na mama yake mzima.

Aziza ndiye aliyepeleka habari hiyo sokoni. Haukupita muda mrefu, nafasi za soko zikagawiwa upya, na wauza samaki wakasahauliwa. Walikwenda kwenye ofisi ya soko, wakasimama nje na kusema maneno yale tu, wakiyarudia, mpaka mtu akatoka kuwasikiliza. Wakapewa nafasi. Kuanzia siku hiyo maneno yakawa ya kila mtu. Wapenzi wa mpira waliyaimba timu yao ikiwa nyuma. Arusini, aliyekaa mwisho wa meza aliyasema akiinua sahani. Motari waliyachora kwenye pikipiki. Radio ikayadaka, na baada ya radio wakaja wanasiasa.

Aliyeyapenda zaidi ni Clovis, mwenye duka la mabati, aliyekuwa anagombea ubunge wa jimbo. Sidonie alipokuja Kasongo kuuza karanga, alikuta maneno yake ukutani, herufi ndefu kama mtu. Alimwuliza Aziza kulikoni. Aziza akamweleza jinsi neno lilivyosambaa. Kwanza Sidonie alicheka, akajisikia mkubwa kidogo. Halafu, karanga zikiwa bado hazijaisha, moyo ukamwuma, kama vile amemkuta mtu asiyemjua amevaa nguo yake ya kanisani.

Jioni ile Clovis alikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira. Wanawake hao wawili wakaenda. Clovis aliwaambia watu kwamba neno hilo lilimjia alfajiri, akiwa anawaombea. Aziza hakungoja amalize. Alimshika Sidonie mkono, akampitisha katikati ya watu mpaka mbele, akawaambia vijana waliozuia njia kwamba mwenye neno amefika. Minong'ono ikapanda hadi jukwaani. Clovis angeweza kuamuru waondolewe. Badala yake alishuka.

"Mama, hii neno ni ya kwako kweli?"

"Sijui kama neno iko na mwenyewe," Sidonie alisema. "Najua tu mahali niliisemea."

Clovis akampa kipaza sauti, naye akasimulia yote: mvua, mtumbwi, Elsa. Alisimulia taratibu, na watu wa nyuma wakasogea mbele ili wamsikie. Mwishoni akasema, "Daraja iko bado ndani ya maji. Kama munasema na sisi, mukuje kule. Mukuje na mashoka."

Clovis aliona haya, na hakuificha. Alikiri mbele ya watu kwamba neno aliliokota sokoni, akaahidi kuja.

Na alikuja kweli, na vijana wake na msumeno wa injini, viatu vimejaa matope. Mpinzani wake, aliposikia, alikuja naye na misumari na kamba. Asubuhi ilipotea kwa ubishi wa bendera ya nani isimikwe kwenye kichwa cha daraja. Sidonie aliwaambia bendera zitangoja. Na kwa kuwa magogo yalikuwa mazito kuliko nguvu za kundi lolote, watu wa pande zote mbili waliyabeba pamoja, na wanawake wakawapikia bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria zilezile. Assumani, ambaye daraja lingemwondolea kazi, ndiye aliyeingia majini kuwaonyesha penye mwamba wa kusimamishia nguzo. Daraja lilipokamilika, kijiji kilimkabidhi ulinzi wake, na motari wakakubali kumchangia kila wanapopita.

Uchaguzi ulipofika, Clovis hakupata kiti. Kilikwenda kwa mpinzani wake. Clovis amerudi kwenye duka lake, na Sidonie akifika mjini hupita kumsalimia, wakacheka. Kuta za Kasongo zimepakwa rangi nyingine sasa.

Sidonie amechaguliwa kwenye kamati ya barabara, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Kwenye mikutano bado anaongea polepole, ila anamaliza sentensi zake. Kiangazi hiki kamati imegeukia kijito kingine mbele zaidi, ambako watoto wa shule huvuka kwa gogo moja tu. Miti imeshakatwa. Inakauka kando ya njia, na kila anayepita anauliza kazi itaanza lini.