Ngoma ya Skrubu Kumi

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu mlimani, na kila asubuhi niliwapigia wanafunzi ngoma ya gwaride, ile ndogo ya bendi yenye nyaya chini yake. Ilikuwa ya bati jepesi, skrubu sita, ngozi ya plastiki. Ukiibamiza inapiga kelele, ukiigusa taratibu inanyamaza. Basi nikawa naibamiza, nikajiona fundi.

Bendi moja ya dansi mjini Moshi ikaachwa na mpiga ngoma wake, mzee wa mtaa wa Soweto pale pale mjini, aliyeshikwa na baridi yabisi vidoleni. Nikaitwa nijaribiwe Jumamosi saa kumi jioni. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mzee mwenyewe akaniazima ngoma yake wiki nzima niizoee.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Ilikuwa ya shaba, nzito, skrubu kumi, ngozi ya ndama. Hata kidole kikipita juu yake, nyaya ziliitika. Ya shule ilikuwa imenifichia makosa yangu. Hii iliyataja moja moja.

Ijumaa ukungu ukashuka, ngozi ikalegea. Nikakaza skrubu zote kumi, wapi. Kwetu ngoma ikilegea huoteshwa moto, nimeona hivyo tangu utotoni, nikaiweka karibu na mafiga. Nikiwa namenya ndizi nikasikia mlio: ngozi imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Ndizi zenyewe sikuzila, kwa aibu.

Jumamosi mchana nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikateremka nalo pamoja na ngoma hadi kwa mzee. Uchaggani anayekujia na isale anaomba msamaha, na si vema kumfukuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona isale. Umeua mtu au ngoma?"

"Ngoma, mzee. Niliiotesha moto."

Alipapasa mpasuko kwa muda mrefu, kisha akalipokea jani. "Ya mababu huoteshwa kwa sababu haina skrubu," akasema. "Hii ukishaikaza, moto unaimaliza. Maji yameshamwagika, mwanangu. Nenda kajaribiwe kwa ile ya shule."

Alikuwa na ngozi moja ya akiba, akailoweka. Ilipolainika, saa kumi ilikuwa imekaribia. Ngozi ya ndama huvalishwa ikiwa bado mbichi. Ukichelewa hujikunja ikaharibika. Nikamwona akianza skrubu ya kwanza. Ufunguo wa kukazia ukamponyoka mara mbili. Nikauokota, nikaketi.

"Wanakungoja," akasema.

"Najua, mzee."

Akawa ananielekeza, mimi nakaza: skrubu moja, kisha ile inayoitazama, kidogo kidogo. Nafasi ile akapewa mwingine, na iliniuma miaka mingi, sitadanganya.

Kesho yake ngozi ilikuwa imekauka. Mzee akanipa vijiti. Nikapiga taratibu sana, naye akafumba macho, vidole vyake vilivyopinda vikifuata pigo langu juu ya goti.