Mgeni Huchagua Kwanza

Wakati ule wa Wabelgiji, kila kijiji kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare kilikuwa na kipande chake cha barabara cha kutunza. Chetu na cha jirani zetu vilipakana. Kimoja kilikuwa kikavu, karibu na nyumba. Kingine kilipita kinamasini, mbali, na waliokipata walilala huko huko msimu mzima wa mvua. Serikali haikujali nani anachukua kipi, basi tuliamua kwa dadu.

Dadu zilikuwa za Ramazani, kapita, yaani msimamizi wa kazi, wa jirani zetu, amezichonga kwa jino la kiboko. Hazikuwa za kawaida. Kila moja ilikuwa na namba tatu tu, kila namba imechorwa pande mbili. Nyeupe: mbili, nne, tisa. Nyekundu: moja, sita, nane. Nyeusi: tatu, tano, saba. Kila kapita alishika yake, wakarusha pamoja, namba kubwa ikashinda. Wa kwanza kushinda mara ishirini alichukua pakavu.

Ramazani alituchinjia mbuzi kila mwaka. Tukishakula, alizipanga dadu mkekani, mkono kifuani: "Mugeni ndiye anachagula kwanza." Nasi tulishukuru! Tulichagua nyeupe kwa ajili ya ile tisa, tukashindwa. Mwaka mwingine nyekundu, tukashindwa. Mara moja tulishinda, tukadhani tumepata dawa. Tulikuwa wajinga wenye adabu, na mjinga wa aina hiyo hana tiba.

Kapita wetu alikuwa Bulaimu, mtu wa maneno machache na kiburi cha kutosha. Mara mbili mkewe Léontine alijifungua yeye akiwa kinamasini. Mara mbili alirudi, miguu imeoza kwa matope, akakuta kaburi dogo tayari. Sasa Léontine alikuwa na mimba tena, na Bulaimu aliapa kwamba safari hii atakuwa nyumbani.

Akachonga dadu zake kwa muhogo mkavu, akakaa na mkewe wakizikutanisha namba kwa namba. Nyeupe na nyekundu: katika mikutano tisa, nyeupe ilishinda mitano. Nyekundu na nyeusi: nyekundu mitano.

"Basi nyeupe iko mukubwa wa yote," alisema Léontine.

Wakakutanisha nyeusi na nyeupe. Nyeusi ikashinda mitano. Wakarudia, maana walidhani wamekosea.

"Hakuna mukubwa," alisema Bulaimu. "Kila moja iko na mwenye kuipiga. Anayechagula kwanza anajifunga mwenyewe."

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Bulaimu akawahi: akamwalika Ramazani kwake. Mwaliko wa chakula haukataliwi kwetu. Ramazani akaja na kanzu safi, dadu mfukoni, akala kuku mpaka mifupa. Kisha Bulaimu akaweka mkono kifuani.

"Mugeni ndiye anachagula kwanza."

Kicheko cha Ramazani kilikatika. Alisema yeye hapa si mgeni, ni mtu wa nyumbani. Alisema mkubwa humwachia mdogo. Watu wake mwenyewe walimshangaa: tangu lini anakataa heshima? Léontine, tumbo mbele, akamletea maji ya kunawa.

"Chagula, baba. Kila mwaka ulitupatia heshima. Leo iko zamu yetu."

Akachagua nyeusi. Bulaimu akachukua nyekundu. Ramazani alitangulia mwanzoni, lakini Bulaimu hakutoa hata jasho. "Mitano kwa mine," alisema. "Tungoje." Tukangoja. Alipofika ishirini, mwenzake alikuwa bado na kumi na sita.

Ramazani akaenda kinamasini na watu wake. Mvua ilipokuwa katikati, Léontine akashikwa na uchungu. Sisi wanawake tuliokuwa naye ndani tulisikia mtu nje akienda na kurudi, akienda na kurudi. Mtoto alipolia, nikafungua mlango. Bulaimu alikuwa amesimama pale, miguu mikavu, analia kumshinda mtoto.