Warusha Ndege wa Mbegani

"Mwenyekiti wenu nani?" Baba aliniuliza swali hilo akiwa ameinamia cherehani, amebana pini mdomoni, nami nikabaki mlangoni, miguu imekauka chumvi hadi magotini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, na kwa kawaida sikukosa la kusema. Mimi ndiye niliyewachosha wengine kwa maswali: kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, kwa nini mama anakula wa mwisho, nani aliyemwambia mwalimu kwamba jibu lake ndilo. Swali la baba lilikuwa jepesi kuliko hayo yote, na lilinishinda.

Kilikuwa kiangazi, na harufu ya kiangazi kile ninayo hadi leo: matope ya mikoko yaliyopigwa jua, chumvi mbichi, na gundi ya mkorosho iliyogandia vidoleni. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia itokayo Bagamoyo mjini kwenda Mbegani, na nyuma ya mikoko kulikuwa na majaruba ya chumvi, mapana na meupe, hayana mti wala kivuli. Siku za kazi watu waliikwangua chumvi na kuirundika ingojee lori. Ijumaa, baada ya sala, kazi ilisimama na majaruba yakaachiwa upepo. Baba yangu, Fundi Salum, hakuwa na shughuli na upande ule. Yeye alikuwa mtu wa mjini na mtu wa ngoma. Ndiye aliyewashonea wenzake wa chama cha ngoma sare zao, zenye vipande vya mabegani vya kuonyesha cheo, na chama kile kilikuwa na vyeo vingi kuliko wachezaji. Palikuwa na mfalme, palikuwa na makapteni, na palikuwa na mzee mmoja ambaye cheo chake kilikuwa kumshikia mfalme mwavuli. Baba alikuwa bwana fedha, na cheo hicho alikwenda nacho hata sokoni kununua samaki.

Mapenzi yangu ya ndege yalianzia shuleni, na shuleni nusura yafie. Mwalimu mmoja kijana aliunda chama cha kutengeneza ndege ndogo, na jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuchagua viongozi. Wavulana walipewa kukata mabua, sisi wasichana wawili tukapewa kubandika karatasi. Kila ndege ilitakiwa ifanane na mchoro uliokuwa ubaoni. Nikauliza kwa nini mkia ukae nyuma, usikae mbele. Mwenyekiti, mtoto wa darasa la juu yangu, akasema mkia hukaa nyuma kwa kuwa ni mkia. Nilipoendelea kuuliza nikaambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliitazama miguu yangu, nikaitazama ya waliosikia, sikuona tofauti. Wiki iliyofuata sikwenda, na hakuna aliyekuja kuniita.

Nikawa naunda peke yangu uani. Bua la mtama lilikuwa kiwiliwili, chelewa za makuti zikawa mbavu za mbawa, juu yake karatasi ya shashi. Siku moja ya Ijumaa nilikuwa nakusanya kuni karibu na mikoko, nikaona kitu juu ya majani ambacho hakikuwa ndege mwenye manyoya wala hakikuwa tiara, maana hakikuwa na uzi. Kilizunguka taratibu, kikashuka upande wa majaruba. Niliacha kuni nikakifuata. Upande wa pili nikawakuta watu watatu wamesimama kwenye tuta, mmoja akicheka.

Aliyecheka alikuwa Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akikwangua chumvi siku za kazi. Ndege yake ilikuwa ya ukindu, ameisuka kama mkeka, nzito, na kila akiirusha ilianguka kama embe. Mwenye ile iliyoruka alikuwa Rajabu, dereva wa lori lililopeleka chumvi Chalinze. Alikata mipira mikuukuu ya magurudumu iwe nyuzi, akaisokota, ikazungusha pangaboi la bati. Wa tatu alikuwa Maalimu Shomari, aliyesomesha watoto Kurani, naye amekunja kanzu hadi magotini. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitika marahaba. Hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Rajabu aliniuliza tu kama nina ndege, nikasema ninayo nyumbani, akasema basi Ijumaa.

Ijumaa iliyofuata nilipeleka ndege niliyoiunda na mkia mbele. Niliirusha, ikainua pua, ikasimama wima hewani, ikaanguka kinyumenyume. Nilingoja kusahihishwa. Bi Mwanahawa akauliza, "Sasa hiki cha mbele, mwanangu, ni mkia au ni masharubu?" Wakacheka, na mimi nikacheka, basi. Kila mtu akarudia ndege yake. Nilichukua muda kuelewa kwamba ndivyo walivyokuwa: mtu hakufundishwa mpaka aulize. Mwisho nikamwendea Maalimu, maana ndiye msomi, nikamuuliza kwa nini inainua pua. Aliigeuza mkononi, akaipima kwa kidole, akasema, "Sijui. Jaribu." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema sijui bila ya kukasirika baadaye. Nilijaribu. Nilibandika donge la nta mbele, nikaongeza jingine, na Ijumaa ya tatu au ya nne ndege yangu ilipita juu ya jaruba zima, mkia ukitangulia, ikatua juu ya rundo la chumvi.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikaeleza yote kwa pumzi moja, na hapo ndipo baba aliponiuliza swali lake. Nilimjibu kwamba hatuna mwenyekiti. Akatoa pini mdomoni. Alisema watu wasio na mkubwa si chama, ni genge, na mtoto wa kike haendi genge. Nikamwambia kuna Maalimu. Akauliza, Maalimu ndiye mkubwa wao? Nikasema hapana. "Basi likitokea la kutokea," akasema, "nimshike nani? Niushike upepo?" Akaniamuru nisitie mguu majarubani mpaka amjue mwenyekiti. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Katika nyumba yetu neno la baba likishatoka halikurudi, na nilijua kwamba nisipopata jina la kumpelekea, ndege zangu zitabaki za uani, za kuruka kutoka jikoni hadi chooni.

Nilikwenda mara moja ya mwisho, kwa wizi, kuwaomba wachague mwenyekiti. Niliona ni jambo dogo. Rajabu alisema tumwambie Fundi Salum kwamba viti vyenyewe hatuna. Maalimu alisema yeye wanafunzi wa kuwaamuru anao tele asubuhi, hapa huja kupumzika mbali nao. Nikamgeukia Bi Mwanahawa. Alikuwa akinyoosha ukindu wa bawa, na safari hii hakucheka.

"Mimi najijua, Mwajuma," akasema. "Nikiwa mwenyekiti, Ijumaa ijayo Rajabu ataniomba ruhusa ya kurusha. Nami nitapenda kuombwa."

"Basi mimi sitakuja tena," nikasema.

Rajabu aliinama kuiokota ndege yake iliyokuwa karibu na miguu yake. Niliondoka nimekasirika, nikiwaona kuwa watu wazima wanaopenda raha yao kuliko mtoto. Ijumaa iliyofuata nilikaa barazani nikishonea vifungo mashati ya chama cha ngoma, na upepo wa alasiri ulipoanza kuvuma nikaingia ndani nisiusikie.

Siku chache baadaye, tukila, baba akasema bila kunitazama kwamba Ijumaa naweza kwenda, ila niwe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Nilimuuliza imekuwaje. "Nimeonana na mwenyekiti wenu," akasema. Nikauliza ni nani. Akaniambia nile. Ijumaa nilimsaili kila mmoja pale majarubani. Rajabu alisema labda baba yangu ameota. Maalimu alisema kuuliza sana kunachelewesha kurusha. Bi Mwanahawa alinipa ndege yake niishike akaenda kunawa miguu, na aliporudi akaanza hadithi nyingine kabisa. Niliona wananificha kitu, na nikaona pia kwamba sitakipata. Nilirusha ndege yangu.

Sitaki kusema zamani kulikuwa bora. Ndege ya Bi Mwanahawa haikuruka hata siku moja. Sisi wenyewe hatukudumu zaidi ya misimu miwili: Rajabu alihamia Chalinze, mvua zikaharibu matuta, na kwa kuwa hatukuwa na wa kutuita tukutane, hakuna aliyetuita. Chama cha ngoma cha baba, pamoja na mfalme na mwavuli wake, kilidumu miaka mingi baada yetu. Leo niko chuo kikuu Dar es Salaam, na muhula uliopita tulianzisha chama cha wapenda ndege ndogo. Tuna mwenyekiti, makamu wake, katibu, na mimi katibu msaidizi. Tuna muhuri wa mpira. Tuna katiba yenye kifungu kinachoeleza nani atakaimu ikiwa makamu amesafiri. Manahodha wengi chombo huenda mrama, walisema wahenga, lakini chetu hakijaondoka bandarini kikaenda hata mrama. Ndege hatujarusha. Nimeuliza mkutanoni kwa nini tusianze kwa kurusha, nikaambiwa hoja hiyo haimo katika ajenda.

Likizo iliyopita nilimsimulia mama habari za chama chetu, tukimenya mihogo uani, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Ndipo akanieleza jambo ambalo baba alimkataza kulisema nilipokuwa mdogo. Wiki ile nilipoacha kwenda, Maalimu Shomari alikuja kumwona baba akasema yeye ndiye mwenyekiti wa warusha ndege, na likitokea la kutokea ashikwe yeye. Kesho yake alikuja Rajabu, lori linanguruma nje, akasema maneno yale yale. Bi Mwanahawa alikuja wa mwisho, jioni, amejifunga kanga mpya, na maneno yake yakawa yale yale. Kila mmoja alimwomba baba asiwaambie wenzake, wasije wakamcheka.