Kabati la Mama la Rangi ya Kijani

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa Malindi, Idi ilinukia rangi ya mafuta kabla haijanukia biriani. Mama alilitoa kabati lake la vyombo uani akalipaka upya, mwaka huu samawati, mwaka ujao kijani, nasi tukimzunguka na vileja mkononi. Majirani walishangaa: vipi mti wa msaji mzuri hivyo, urithi wa babake, ufukiwe chini ya rangi? Mama aliwajibu kwamba wanunuzi wa samani za kale wanapita mtaa kwa mtaa wakitafuta vya kuuzia mahoteli, na macho yao hayana haya.

Basi tukakua na shaka. Mgeni akitupa jicho upande wa kabati, mmoja wetu alikwenda kusimama kulikinga. Hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alipolisifu nilimkodolea macho, masikini, naye alikuja kunywa kahawa tu.

“Mkiulizwa, semeni ni mbao tu, za kawaida,” Mama alituambia.

Vijana wa leo wananunua meza mpya, kisha wanamlipa mtu aichakaze ionekane kuukuu. Binti yangu naye aliomba akiolewa aende na kabati la bibi yake, ila rangi itolewe, msaji uonekane. Fundi alitaka kulichukua karakanani kwake mtaa wa Kisumu Ndogo. Nilikataa. Nani asiyejua kabati linavyoweza kwenda moja likarudi jingine? Nikaweka kiti uani, nikamlinda tangu asubuhi, hata chai nililetewa hapo hapo.

Alipaka dawa, akakwangua. Kijani ikatoka, samawati ikatoka, rangi ya maziwa ikatoka. Chini yake zikatokea mbao nyeupe, nyepesi, zenye maandishi meusi ya masanduku ya bandarini. Nilimtazama fundi kwa hasira, lakini angelibadilisha saa ngapi? Na kwenye mguu palikuwa na alama ya moto, pale nilipoangusha chetezo cha udi nikiwa na miaka saba. Kabati lilikuwa lile lile. Niliona haya, nikamwomba fundi radhi.

Nikamwendea Mama chumbani, nikamweleza. Akajikunjia leso magotini.

“La msaji lilikwenda mwaka babako alipofariki,” akasema. “Mlikuwa wadogo, mwanangu. Mlitaka kula. Lipake upesi, kabla mtu hajaingia.”

Nililia. Utoto mzima nilimshuku kila aliyebisha hodi, kumbe siri ilikuwa kwa huyu aliyetupakulia wali.

Nikamtuma fundi akanunue kopo la kijani. Binti yangu atanuna, maana watoto wa siku hizi wanataka kila ubao uonekane. Zamani nikiulizwa nilisema ni mbao za kawaida, na moyoni nilijua nadanganya. Leo nikiulizwa nitasema ni msaji.